Thamostati Thelathini na Nne Kwenye Waya

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa magari ya dizeli, na jina alilopewa na wazazi nadhani hata mwenyewe huwa analisahau. Watu wote wanamwita Bila Shaka. Ukimpelekea gari, kabla hujamaliza kueleza, kabla yeye hajafungua boneti, atakwambia, "Bila shaka ni mkanda." Au bila shaka ni pampu. Na mara nyingi huwa anapatia, hilo simnyimi. Ila mimi nimelelewa naye nyumba moja. Nilishaambiwa "bila shaka ni wewe uliyemaliza sukari" na mtu mwenye sukari mdomoni, kwa hiyo jina hilo silisikii kama wateja wake wanavyolisikia.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu kimepakana na gereji yake na kati yetu kuna mlango usiofungwa. Nasikia kila nyundo inayogonga, na yeye anasikia kila ninachosema. Kati ya hayo mawili, analolalamikia ni hilo la pili.

Ukiingia gereji, kitu cha kwanza kuona ni waya. Umetundikwa kwenye msumari juu ya meza ya spana, umetungwa vidude vya shaba, kila kimoja kama kifuniko cha chupa kilichoota miguu. Hizo ni thamostati. Thamostati ni kama mlango mdogo unaokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa ya baridi mlango unafungwa, ikipata moto unafunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta kupozwa. Kaka alifundishwa kazi na mzee mmoja, sasa ni marehemu, na mzee huyo alimwambia, "Kidude hiki wamekiweka kwa ajili ya nchi za baridi. Kwetu joto lipo tele. Ukikiona, kitoe." Basi Kaka akawa anatoa. Kila gari lililoingia kwake, liwe limekuja kwa breki au kwa taa, akipata nafasi alikitoa na kukitunga kwenye waya. Mgeni akiuliza, Kaka anajivuta suruali na kumjibu, "Hayo ni magari thelathini na nne ambayo hayatachemsha tena."

Sasa mume wangu ni dereva. Amemwendeshea Mama Maziwa lori lake miaka kumi na mmoja. Mama Maziwa ni mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, anayenunua maziwa kwa wafugaji na kuyauza mjini, na lori hilo ndilo mkono wake wa kulia. Miaka yote lilikuwa likizunguka mjini tu, barabara za tambarare, mzigo mwepesi. Halafu akapata wafugaji wapya bondeni. Kutoka bondeni kuja mjini kuna mlima wenye kona saba, na lori likawa linaupanda kila asubuhi likiwa limeshiba mapipa. Wiki ya kwanza tu likachemsha. Mara ya pili likaunguza gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake.

Mama Maziwa hakuuliza lori lina nini. Aliuliza dereva ana nini. Alisema hatii maji. Alisema analikimbiza ili awahi kulala. Alisema hayo mbele ya wafugaji, mbele ya wapakiaji, na mume wangu alisimama pale ameshika kofia yake mkononi. Ndivyo alivyo. Ukimkanyaga mguu atakuomba radhi kwa kuuweka hapo.

Niseme ukweli hata kama unaniaibisha. Siku ile na mimi nilimuuliza. Nilimwekea chai nikamwambia, "Baba Watoto, hivi kweli maji unatia?" Mtu huyu kila alfajiri, kabla hajanawa uso, anakwenda kupima maji na oili, nimemwona kwa macho yangu miaka yote hiyo. Hakukasirika. Aliisogeza chai pembeni akasema, "Na wewe?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Kaka akalifungua lori. Bila shaka ni gasketi, akaibadilisha. Likachemsha. Bila shaka ni pampu ya maji, akafunga mpya. Likachemsha. Bila shaka ni rejeta imeziba, akaitoa na kuisafisha. Jumatano, kona ya nne, likachemsha tena na jua kali, na hadi walipolifikisha mjini maziwa yote yalikuwa yameganda kwenye mapipa.

Jioni hiyo hiyo Mama Maziwa akaja gereji. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Fundi," alimwambia Kaka, "umebadilisha kila kitu isipokuwa dereva. Jumamosi asubuhi nakuja na mtoto wa dada yangu, ana leseni. Kama lori halijapona, dereva huyu ananikabidhi ufunguo. Na nitamwambia kila mwenye gari mji huu kwamba ndiye aliyeniulia injini."

Dereva akifukuzwa kwa ugomvi anapata kazi kwingine. Dereva akifukuzwa kwa kuunguza injini hakuna atakayempa hata toroli. Mume wangu hajui kazi nyingine na hataki kujua. Miaka kumi na mmoja ya kuamka alfajiri ilikuwa inakwenda kuitwa uzembe.

Mama Maziwa alipoondoka nikavuka mlango. "Kaka," nikamwambia, "leo sitaki kusikia bila shaka. Ukiitamka nakurushia mkasi."

Akaniangalia, akaona simtanii. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Haya. Tuanze upya. Sijui kitu."

Nimeishi na mtu huyu tangu nazaliwa, na sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Alhamisi alifunga gereji kwa wateja wengine na akaanza kulipima lori kama ndiyo kwanza anakutana nalo. Mume wangu alimsaidia, nami nikaacha gauni la harusi la watu likining'inia na sindano zake. Alianza injini ikiwa baridi kabisa, akatoa kifuniko cha rejeta, akaiwasha, akainama kutazama maji. Kama gasketi imeungua tena, alituambia, moto wa silinda ungepenya kwenye maji na tungeona mapovu. Tulitazama muda mrefu. Hakuna povu. Akapima kifuniko, springi yake ina nguvu. Akaukandamiza mkanda wa feni kwa kidole, umekaza vizuri. Akakagua mipira ya maji mmoja mmoja, hakuna uliolainika wala kujikunja. Akapitisha maji ya bomba kwenye rejeta, yakaingia juu na kutoka chini kwa kishindo. Pampu aliifungua ingawa ilikuwa mpya, akaikuta haina kasoro.

"Kila kitu kizima," mume wangu akasema taratibu. "Basi mbovu ni mimi."

"Shemeji, usinichefue," Kaka akamjibu. "Gari halichemshi kwa sababu ya sura ya mtu. Kesho tunakwenda mlimani kulikamata likifanya uhalifu wake."

Ijumaa asubuhi tukajaza maji kwenye mapipa ili lori lipate uzito ule ule wa maziwa, tukashuka bondeni na kugeuza. Kaka hakutaka niende. Nikapanda kabla hajamaliza kukataa. Tulikaa watatu mbele, macho yote kwenye mshale wa joto. Kona ya kwanza mshale umetulia. Ya pili ukaanza kupanda. Ya tatu ukapita nusu, na mume wangu alikuwa anaendesha kwa upole kama amebeba mayai, gia ndogo, mguu mwepesi. Kona ya nne ukagusa nyekundu.

"Simama," Kaka akasema. "Usizime. Na mtu asiguse kifuniko, kitambabua uso."

Tukashuka, wakainua kabini iliyofunika injini. Joto lilitoka pale kama nimefungua tanuri la mikate. Kaka akavua glovu. Nikamwambia ataungua, akasema mkono ulio ndani ya glovu haujui kitu. Akaugusa kidogo mpira wa juu, unaopeleka maji kwenye rejeta. Akaugusa wa chini, unaoyarudisha. Akapapasa rejeta yenyewe upande wa chini, akaiacha mikono yake pale. Akaiacha tu. Mimi nikaona ajabu.

"Mbona huungui?" nikamuuliza.

"Ni vuguvugu."

Mimi sijui injini. Najua nguo, na najua kupika. Nikasema lililonijia. "Kaka, injini inachemka hapa, na chombo cha kupoza kimelala hapo hakina habari. Sasa hayo maji ya moto yanakwenda wapi?"

Kaka akageuka. "Rudia ulichosema."

Nikarudia. Akainama tena, safari hii akapeleka kidole kwenye mpira mmoja mdogo uliojificha ubavuni mwa injini, mfupi, unaotoka juu na kurudi moja kwa moja kwenye pampu. Akaurusha mkono wake nyuma na kutia kidole mdomoni. Akakaa hivyo, kidole mdomoni kama mtoto mchanga, anatazama ule mpira. Mume wangu akamwita, "Shemeji?" Kaka akakaa chini pale pale barabarani, kwenye changarawe, na overoli yake.

Tulidhani ni kuungua. Kumbe ni kuelewa.

"Njia ziko mbili," akasema baadaye, sauti imemshuka. "Ndefu inapita kwenye rejeta. Fupi inazunguka humu humu ndani. Injini ikiwa baridi maji yanatumia fupi. Ikipata moto, thamostati inafungua ile ndefu, na kwa chini ina kisahani kinachoziba fupi. Kile kisahani nimekiona miaka yote. Nilidhani ni urembo."

"Na thamostati ya lori hili iko wapi?" nikauliza.

Swali lilinitoka na jibu lake. Nilikumbuka mwaka jana lori lilipoletwa kubadilishwa mpira uliotoboka. Nilikumbuka alivyokuwa akipiga mluzi akikitunga kidude kwenye waya. Alikiondoa kisahani, njia fupi ikabaki wazi, na maji ni kama watoto wa shule, ukiwaachia njia ya mkato hakuna atakayezunguka. Kwenye tambarare, bila mzigo, lori lilivumilia. Mlimani likaumbuka. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomla mume wangu miezi miwili kilikuwa kinaning'inia ukutani kwa kaka yangu, kimepanguswa vumbi.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia maneno pale barabarani ambayo mama yetu angenifinya kwa kuyasema. Mume wangu ndiye aliyenishika bega. Akamwambia Kaka, "Inuka, Shemeji. Lishapoa kidogo, turudi."

Gereji, Kaka akaushusha waya. Alikuwa anatunga kwa mpangilio, kwa hiyo ile ya lori aliipata haraka, ya tatu kutoka mwisho. Akaniomba sufuria. Tukaibandika jikoni na maji, akaitumbukiza thamostati imening'inia kwenye uzi wangu wa kushonea, tukainama wote watatu juu ya sufuria. Maji yalipopata moto, kabla hayajachemka, kile kidude kikaanza kunyoosha shingo polepole. Kikafunguka chote. Tukakitoa, kikafunga. Tukakirudisha, kikafunguka tena.

Kilikuwa kizima. Mwaka mzima kilikuwa ukutani, kizima kabisa.

"Wengine walikuja kwangu zao zimekwama kweli," Kaka akasema, akiongea na sufuria. "Nikazitoa, magari yakapona. Nikadhani nimejua kitu."

Akairudisha thamostati mahali pake kwa mpira mpya wa kuziba, akatoa hewa kwenye maji, na saa tisa alasiri tulikuwa mlimani na mapipa yale yale. Kona ya nne mshale ulifika nusu, ukasita. Kona ya tano uko pale pale. Ya sita mume wangu alikuwa ameacha kupumua. Tulipofika juu kabisa alisimamisha lori, akashuka, akaenda kusimama nyuma ya mapipa peke yake. Nikamfuata. Alikuwa analia. Nikamwambia, "Nisamehe kwa siku ile ya chai." Akasema chai yenyewe ilikuwa haina sukari, ndiyo maana hakuinywa. Nikajua nimesamehewa.

Jumamosi Mama Maziwa alifika asubuhi na mapema. Mtoto wa dada yake alibaki nje kwenye pikipiki. Tulikwishampigia simu kumwambia lori limepona, lakini alitaka kuona mwenyewe, na tayari alikuwa ameshauchukua ufunguo kwa mume wangu na kuutia kwenye mkoba.

"Kwa hiyo lilikuwa na nini?" akauliza.

Mume wangu akawahi. "Kifaa kidogo tu, Mama. Kimeshafungwa. Yameisha."

Hapo nilimwelewa, na nikataka kumpiga. Alikuwa anamfichia shemeji yake. Na Kaka angeweza kunyamaza. Lori limepona, jina lake limebaki, wateja wake wamebaki. Ila kifaa kidogo tu kisichokuwa na mwenyewe kingemwacha mume wangu na doa lake. Mama Maziwa angebaki akijua kwamba dereva aliharibu na fundi akatengeneza. Nilimkazia macho kaka yangu kutoka mlangoni. Nilijiambia, akinyamaza nitasema mimi, na leo undugu utajulikana.

"Shemeji, nyamaza," Kaka akasema. Akauchukua waya, akauweka juu ya meza mbele ya Mama Maziwa. Ulilia kwa vidude vyote vile. "Mama, dereva wako alikuwa anatia maji kila siku. Hakulikimbiza lori hata siku moja. Kulikuwa na kifaa cha kuongoza maji kwenye rejeta. Kilitolewa mwaka jana kikiwa kizima. Bila hicho hata malaika angeliendesha lingechemsha."

"Kilitolewa na nani?"

"Na mimi."

Mama Maziwa akautazama waya, akamtazama Kaka. "Na gasketi iliyoungua? Na maziwa yangu?"

"Mimi. Yote mimi. Ulimtukana mtu siye."

Mama Maziwa hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Alifungua mkoba, akatoa ufunguo, akampa mume wangu mkononi na kumwambia, "Dereva, maziwa yanangoja." Halafu akamgeukia Kaka. "Wewe fundi, lori langu hutaligusa tena." Akatoka. Nje tukamsikia akimwambia mtoto wa dada yake arudi nyumbani.

Kaka alisimama pale muda. Nikamletea chai, ina sukari, na nikakaa naye. Nilikuwa bado na hasira, lakini ni kaka yangu, na nilikuwa nimemwona akifanya jambo ambalo wanaume wengi wa umri wake hulikwepa hadi kaburini. Nilijivuna naye. Nikamwambia hivyo hivyo, "Leo nimejivuna nawe." Akasema nimwache, anahesabu.

"Unahesabu nini?"

"Thelathini na tatu."

Akaanza kupiga simu. Kichwa chake hakisahau gari. Aliwapigia wote, mmoja baada ya mwingine, wenye malori, wenye mabasi madogo, wenye pikapu, akawaambia, "Leta gari, kuna kitu nilikutolea ambacho sikupaswa kukitoa." Wengine walimcheka. Wengine walimtukana na kukata simu, akawapigia tena kesho yake. Gari moja mwenyewe alishaliuza, akamtafuta aliyelinunua hadi akampata. Kila thamostati aliichemsha kwanza kwenye sufuria yangu, ambayo sasa haifai tena kwa chai. Nzima aliirudisha, mbovu aliweka mpya. Si magari yote yalikuwa yanachemsha, injini nyingine zimeumbwa tofauti na zinavumilia, lakini alisema hataki kuchagua. Ilimchukua miezi minne. Waya ukawa unapungua, na zile mbovu peke yake ndizo zilizobaki, kumi na moja.

Mume wangu bado anaendesha. Lori sasa hupelekwa kwa fundi mwingine, ng'ambo ya barabara kuu, kijana hodari wa maneno. Wiki iliyopita lilikwenda huko kubadilishwa oili. Saa nne asubuhi simu ya Kaka ikalia, na kwa kuwa mikono yake ina grisi akaiweka sauti ya juu, nami nikasikia.

"Shemeji," mume wangu alisema, "nimelala juu ya injini hapa. Fundi anasema kuna kidude cha nchi za baridi, anataka kunisaidia kukitoa."

Kaka alinawa mikono, akavua overoli, akavaa shati. Akautoa waya msumarini, akauzungusha mkononi na kwenda nao ng'ambo. Alikaa huko hadi saa kumi. Aliporudi hakuwa na waya. Nikamuuliza ameupeleka wapi, akasema amemwachia yule kijana autundike ukutani kwake, kisha akaniomba sufuria, maana kijana naye ana zake alizokwisha kuzitoa na zinataka kupimwa.